Biblia ya babu kutoka Uskoti: kati ya wakulima wawili wenye jina moja, wetu ni yupi?

Kilembwe wa Nachingwea aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa kufukua kumbukumbu za kale, hasa za Uskoti, kwani nimefika njia panda na kila nikijaribu kuchagua naona ninabahatisha tu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Mskoti, mzaliwa wa mwaka 1915. Alifika Nachingwea mwaka 1948 akiwa fundi wa matrekta katika ule mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanzia Kongwa mwaka 1947, ukaanzisha ujenzi wa bandari ya Mtwara na reli ya kuja huku kwetu, kisha ukaachwa mwanzoni mwa 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Baba yangu alizaliwa mwaka 1950. Babu aliondoka mwaka uliofuata na hakurudi tena. Bibi, Mmwera na Mwislamu wa swala tano, aliachiwa baiskeli, sanduku la spana na Biblia kubwa ya Kiingereza yenye jalada la ngozi. Hakuweza kuisoma, wala haikuwa kitabu cha dini yake, lakini aliizungushia kaniki na kuiweka ndani ya kasha hadi alipofariki, akisema kwamba ile ni amana ya watu na ipo siku wenyewe wataiulizia.

Biblia hiyo ndiyo chanzo cha swali langu. Kati ya Agano la Kale na Agano Jipya kuna kurasa zilizoachwa wazi kwa ajili ya kumbukumbu za familia, na hapo mtu mwenye mwandiko wa kulala ameandika ndoa moja na watoto 7 waliozaliwa kati ya mwaka 1861 na 1877. Mtoto wa nne, wa mwaka 1872, ndiye baba wa babu yangu, kwa hiyo mwandishi wa orodha ile ni babu wa babu yangu nami ni kilembwe wake. Bahati mbaya mwaka mmoja wa mvua nyingi mchwa walilipata kasha la bibi, wakala pembe ya juu ya ukurasa: tarehe ya ndoa imekwenda, na jina la ukoo la mke limekwenda pia, likabaki jina lake la kwanza. Pembeni ya watoto watatu wa mwanzo pameandikwa kwamba walizaliwa “Mains”. Nililitafuta neno hilo kwenye ramani nikidhani ni kijiji, nikakuta yapo makumi kwa makumi. Ndani ya jalada kuna maandishi mengine, ya mkono tofauti, herufi moja moja kama za mtu asiyezoea kalamu, yanayosema kwamba kitabu kimetolewa na mwanamke fulani mwaka 1860. Jina la ukoo la mwanamke huyo si letu, nikahisi ni jirani au mama wa ubatizo, nikaliacha.

Sasa tatizo. Katika faharasa za bure za mtandaoni nimepata wanaume wawili wenye jina la mkulima wetu, wote wa parokia ya Turriff, kaskazini ya Aberdeenshire, waliopishana mwaka mmoja kwa umri, na wake zao wana jina la kwanza lilelile. Sensa ya 1861 inamtaja mmoja kuwa mkulima wa ekari 96 anayeajiri wanaume wawili na mvulana mmoja, na mwingine kuwa mlimaji wa kuajiriwa, yaani mtu wa kushika jembe la farasi katika shamba la mwenzake. Mmoja alifariki mwaka 1889 na mwingine 1903, lakini faharasa haisemi nani ni nani. Kwa kuwa wazee wetu walisikia kwa babu kwamba walikuwa wakulima, nimemchukua yule wa ekari 96. Mtu mmoja wa mtandaoni, ambaye sitamtaja, nilimlipa akanichorea mti wa ukoo unaopitia kwa mkulima huyohuyo na kupanda hadi kwa mfalme mmoja wa zamani. Ufalme huo ndio ulionitia shaka.

Majina ya watu sitayaandika hapa, kwa kuwa huenda wapo ndugu walio hai. Je, nimchague yupi, na kwa hoja gani?

Mstaafu wa Masjala, Lindi alijibu:

Ndugu Kilembwe, waalaikum salaam. Usimchague yeyote. Mimi nimekaa na madaftari ya vizazi na vifo sehemu kubwa ya maisha yangu, na makosa mengi niliyoyaona yalitoka kwa watu waliochagua kwanza, halafu wakatafuta ushahidi wa kuwaunga mkono. Wewe umeanza kukwea mnazi kutokea kwenye makuti. Shuka chini uanze shinani, kwa mtu ambaye huna shaka naye, kisha upande pingili kwa pingili.

Una bahati kwamba mzee wako alikuwa Mskoti. Uskoti ulianza usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Januari 1855, miaka 18 baada ya England, lakini ulipoanza uliuliza maswali mengi zaidi. Cheti cha kifo cha England cha karne ile hakimtaji mama wa marehemu mtu mzima. Cha Uskoti kinawataja baba na mama, tena mama kwa jina la ukoo aliozaliwa. Cheti cha ndoa kinawataja wazazi wote wanne. Katika mwaka wa kwanza wa usajili walitaka hata kujua umri wa wazazi, mahali walipozaliwa, na ndugu wa mtoto wangapi wako hai na wangapi wamekufa, jambo lililowaelemea makarani kiasi kwamba mwaka uliofuata maswali yakapunguzwa. Kati ya yaliyoondolewa mwaka 1856 ilikuwamo tarehe na mahali pa ndoa ya wazazi, lakini hilo lilirejeshwa katika vyeti vya kuzaliwa kuanzia 1861, na huo ndio mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza katika Biblia yenu. Maana yake ni kwamba tarehe waliyokula mchwa haikupotea. Imeandikwa kwenye cheti cha kila mmoja wa watoto wale 7.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua tovuti ya serikali yao inayoitwa ScotlandsPeople, ambako faharasa nyingi hutazamwa bure na picha ya hati hulipiwa ada ndogo. Picha za vizazi hufunguliwa baada ya miaka 100, za ndoa baada ya 75 na za vifo baada ya 50, hivyo hakuna unachohitaji ambacho bado kimefungwa. Anza na cheti cha kuzaliwa cha babu yako. Hicho kitakupa wazazi wake. Kisha tafuta cheti cha mwaka 1872 cha baba yake. Hapo utapata kazi ya mkulima wetu, jina kamili la mkewe, na tarehe ya ndoa yao. Tarehe hiyo ikufikishe kwenye cheti cha ndoa, nacho kikupe wazazi wa bwana arusi. Ndipo ufungue vyeti viwili vya vifo, cha 1889 na cha 1903, utazame mama aliyetajwa katika kila kimoja. Hati tano, basi. Fedha uliyomlipa yule mchora miti nadhani ingetosha na chenji ikabaki.

Kuhusu sensa, angalia usidanganyike na umri. Sensa ya 1841, ya kwanza kuhifadhiwa na majina ya watu wote, ilishusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi kwenye tano iliyo karibu, hivyo mtu wa miaka 29 anasomeka 25; na mahali pa kuzaliwa iliuliza tu kama ni ndani ya kaunti ileile. Kuanzia 1851 utapata umri kamili, uhusiano na mkuu wa kaya na parokia ya kuzaliwa. Ile ya 1861 inahesabu hata vyumba vyenye dirisha katika kila nyumba. Swali hilo la madirisha lipuuze sasa, lakini utalirudia.

Mpita Njia wa Masasi alijibu:

Huenda unatafuta bure katika kaunti isiyo yake. Ninavyojua, wakulima wa Uskoti wa karne ile walifukuzwa mashambani kupisha kondoo, wengi wakapanda meli kwenda Canada. Huyo wa kwenu pengine alihamia hapo Turriff kutoka kwingine, na asili yake ni visiwani.

Mwalimu wa Newala alijibu:

Ndugu yangu wa Masasi, unalolisema lilitokea, ila ni la mahali pengine. Kuondolewa kwa watu kwa ajili ya kondoo ni habari ya nyanda za juu na visiwa vya magharibi na kaskazini, na mfano unaotajwa zaidi ni wa Sutherland katika miongo miwili ya mwanzo ya karne ya 19. Huko ndiko sheria ya mwaka 1886 ilikowapa wakulima wadogo haki ya kutoondolewa madhali wanalipa kodi, na sheria hiyo ilizihusu kaunti 7 tu, Aberdeenshire haimo. Kaskazini mashariki palikuwa na historia yake, ya ng'ombe wa nyama, shayiri na kilimo cha mkataba, na reli ilipofika mji wa Aberdeen mwaka 1850 nyama ya huko ikawa inafika London ikiwa bado mbichi.

Ndugu Kilembwe, nakuomba uliangalie upya neno “mkulima”, kwa sababu ndilo linalokupoteza. Sisi huku Newala tukisema mkulima tunamfikiria mtu mwenye mikorosho yake, aliyoipanda yeye au mjomba wake. Mkulima wa Uskoti wa wakati ule kwa kawaida hakuwa na ardhi. Ardhi ilikuwa ya mwenye milki, ambaye angeweza kuwa na mashamba mengi, na mkulima alipangishwa shamba kwa mkataba ambao mara nyingi ulikuwa wa miaka 19, akilipa kodi kila mwaka na kufuata masharti ya nini kipandwe baada ya nini. Mkataba ukiisha na mwenye ardhi akipandisha kodi, familia ilihama. Ndiyo maana daftari la umiliki wa ardhi la Uskoti, ambalo limeandikwa mfululizo tangu 1617 na ni kitu cha kujivunia kwao, halitakusaidia sana: mpangaji hamo. Tafuta badala yake orodha za tathmini za kodi, zilizotolewa kila mwaka kuanzia 1855, ambazo zinataja shamba, mwenye nalo, mpangaji wake na thamani ya kodi. Kwa orodha hizo unaweza kumfuata mtu mwaka hadi mwaka katika ile miaka 10 iliyo katikati ya sensa moja na nyingine, ukamwona anaingia shambani na ukamwona anatoka.

Chini ya mpangaji walikuwapo watumishi wa shamba. Waliooa na wasiooa walikuwa na taratibu tofauti: kijana asiye na mke aliajiriwa kwa miezi 6, akipatana na mwajiri kwenye soko la vibarua karibu na mwezi Mei au Novemba, mwenye mke aliajiriwa kwa mwaka na kupewa kijumba ndani ya shamba la tajiri wake, pamoja na sehemu ya ujira kwa unga wa shayiri, maziwa na viazi. Na hapa ndipo neno lako “Mains” linapoingia. Si kijiji. Ni jina la shamba kuu la milki, lile lililokuwa karibu na nyumba ya bwana na zamani likilimwa kwa ajili yake, na ndiyo sababu karibu kila milki ilikuwa nalo, likifuatiwa na jina la mahali. Mtu aliyeandika kwamba wanawe walizaliwa Mains hakusema kwamba Mains ni yake wala kwamba ameipanga. Mtumishi aliyekuwa akikaa katika kijumba cha shamba hilo angeandika vilevile, kwa maana hakuwa na anwani nyingine. Tazama pia kwamba watoto wanne wa mwisho hawakuzaliwa Mains. Mtu huyu alihama kabla ya 1872, na mimi ningetaka sana kujua alihamia wapi na kwa daraja gani.

Ramani nzuri za wakati huo, zenye kila shamba na kila kijumba, zimewekwa bure mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Tafuta Turriff, uhesabu ziko Mains ngapi ndani ya mipaka ya parokia, kisha uulize yule wa ekari 96 alikuwa katika shamba gani. Kama hakuwa Mains, umeshapata nusu ya jibu lako.

Bi Mikindani alijibu:

Nimeyasoma majibu ya kaka zangu na ninayaheshimu, ila nashangaa kwamba wamepita juu ya jambo ambalo mwanamke yeyote wa kusini angelishika mara moja. Yule mwanamke wa ndani ya jalada, Ndugu Kilembwe, unasema ni jirani au mama wa ubatizo kwa sababu jina lake la ukoo silo lenu. Kwanza, Wapresbiteri wa Uskoti hawakuwa na desturi ya mama wa ubatizo. Baba mwenyewe ndiye aliyemsimamisha mtoto mbele ya mchungaji. Pili, na hili ndilo kubwa, mwanamke wa Kiskoti wa zamani hakulipoteza jina la kwao kwa kuolewa. Mstaafu amesema kwamba cheti cha kifo kinamtaja mama kwa ukoo aliozaliwa, lakini desturi hiyo haikuishia kwa msajili, bali utaikuta katika wosia, katika madaftari ya ubatizo, na hata juu ya mawe ya makaburi, ambako mke amelala pembeni ya mumewe kwa jina lake mwenyewe.

Sasa jiulize ni nani anayempa kijana Biblia kubwa mwaka 1860, mwaka mmoja kabla ya mtoto wa kwanza kuzaliwa, yaani mwaka ambao huenda ndio wa arusi yake, na akaandika kwa mkono usiozoea kalamu. Mimi nasema ni mama yake. Sisi tuliolelewa miongoni mwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, ambao tangu jadi wamehesabu ukoo kwa upande wa mama, hatuwezi kuona jina la mwanamke katika kitabu cha familia tukaliacha. Wewe bibi yako ni Mmwera. Angekuwa hai angekukanya.

Kuna namna ya kulipima wazo hili bila kulipa hata senti. Waskoti wengi walifuata mpango wa kurithisha majina: mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la baba mwenyewe, binti wa kwanza jina la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba, wa tatu la mama yake. Aghalabu mtoto alipewa na ukoo wa bibi uwe jina la katikati, na hivyo akawa somo kamili. Fungua orodha yako utazame binti wa pili anaitwaje.

Nikiwa hapo hapo kwenye mambo ya kukumbuka: David Livingstone, aliyeshukia huku kwetu Mikindani mwezi Machi 1866 akielekea Ruvuma, babu yake alikuwa mkulima mdogo katika kisiwa cha Ulva, na mwenyewe aliandika kwamba babu huyo aliweza kusimulia habari za vizazi 6 vilivyomtangulia. Hakuwa na cheti hata kimoja.

Mstaafu wa Masjala, Lindi alijibu:

Dada yangu wa Mikindani amenizidi, nakiri. Natia tahadhari moja tu: mpango huo wa majina ulikuwa desturi, haukuwa sheria, na wapo waliougeuza, wakaanza na upande wa mke, au wakarudia jina la mtoto aliyefariki, au wakampa mtoto jina la mchungaji mpya. Jina likilingana, litakuwa dalili njema, lakini cheti bado kinahitajika.

Kilembwe wa Nachingwea aliandika:

Nimeifungua Biblia usiku huu huu kwa taa ya simu. Binti wa pili, aliyezaliwa 1866, ana jina la kwanza la yule mwanamke wa ndani ya jalada, na jina lake la katikati ni ule ukoo niliouona mgeni. Miaka yote hii nilidhani ni jina la kizungu tu la kujazia. Mikono ilinitetemeka, nasema kweli. Nitanunua hati na nitarudi.

Kilembwe wa Nachingwea aliandika, baada ya wiki mbili:

Naleta matokeo, na naomba mnisamehe urefu.

Cheti cha 1872 kilinipa ukoo wa mke na tarehe ya ndoa: Desemba 1860, ndoa iliyofungwa nyumbani kwa wazazi wa bibi arusi. Katika cheti cha ndoa bwana arusi anaitwa mtumishi wa shamba, na bibi arusi mtumishi wa ndani. Mama wa bwana arusi ni yule wa kwenye jalada, herufi kwa herufi. Cheti cha kifo cha 1889 kina mama mwingine kabisa. Cha 1903 kina mama wetu, marehemu anaitwa mkulima, na aliyekwenda kwa msajili kutoa taarifa ni mwanawe wa mwaka 1872. Basi yule wa ekari 96, pamoja na mfalme wake, namrudishia mchora miti.

Mkulima wetu ni yule mlimaji wa kuajiriwa. Usiku wa sensa, tarehe 7 Aprili 1861, alikuwa katika kijumba ndani ya shamba la Mains na mkewe aliyekuwa na mimba, na Mzee Mstaafu, niliyarudia madirisha kama ulivyosema: chumba chenye dirisha ni kimoja. Mwaka 1871 wako mahali pengine, kilomita chache kutoka hapo, naye ameandikwa mkulima wa ekari 34, haajiri mtu. Orodha za tathmini zinamwonyesha akiwa mpangaji wa shamba hilohilo katika kila mwaka nilioufungua hadi kufa kwake. Mwalimu, ninachokuuliza ni hiki: mtu wa chumba kimoja alipataje ekari 34 ndani ya miaka 10?

Mwalimu wa Newala alijibu:

Hongera sana. Bila kuuona mkataba wake siwezi kusema kwa uhakika juu yake yeye, ila njia waliyopita wengi wa daraja lake katika kaunti hiyo inajulikana. Wenye milki walikuwa na nyika zenye mawe, magugu magumu na maji yaliyotuama, ambazo hazikuwa zikiwaingizia chochote. Walizigawa vipande, wakawapangisha watu wenye nguvu na akiba kidogo, kodi ikiwa ndogo miaka ya mwanzo na kupanda baadaye, kwa sharti kwamba mpangaji ang'oe mawe, achimbe mifereji na kuifanya nyika kuwa shamba. Kazi hiyo aliifanya baba, mama na watoto, na ndiyo maana sensa inasema hakuajiri mtu: yeye na mkewe walianza, na watoto kadiri walivyokua wakawa vibarua tosha. Linganisha ramani ya wakati wake na ya mwishoni mwa karne. Kama shamba lake kwenye ramani ya kwanza limezungukwa na alama za nyika na kwenye ya pili mistari ya mipaka ya mashamba imenyooka, basi jasho lake umeliona kwa macho.

Mstaafu wa Masjala, Lindi alijibu:

Imebaki hati moja. Tafuta katika madaftari ya mirathi, ambayo kwenye tovuti ileile yanafika hadi mwaka 1925, uone kama mali zake ziliorodheshwa. Ikiwapo orodha, utasoma ng'ombe wangapi, farasi wangapi, jembe, saa ya ukutani. Na utakuta jambo litakalowafurahisha wasomaji wetu waliosoma mirathi madrasa: kwa sheria ya Uskoti, mali inayohamishika ya mwanamume aliyeacha mke na watoto ilikatwa mafungu matatu, thuluthi ya mjane, thuluthi ya watoto wote kwa usawa, wa kiume na wa kike, na thuluthi iliyobaki ndiyo pekee ambayo marehemu aliweza kuielekeza kwa wosia. Ardhi ilikuwa na kanuni nyingine, ya kumpendelea mwana mkubwa wa kiume. Biblia, kwa kuwa ni mali ya kuhamishika, ilikuwa katika mafungu.

Bi Mikindani alijibu:

Mimi ninalo moja la mwisho. Orodha ya Biblia inaishia 1877. Babu yako wa 1915 hamo, baba yako wa 1950 hamo, na bibi yako aliyeitunza katika kaniki hamo. Umesema kurasa zile bado zina nafasi?

Kilembwe wa Nachingwea alijibu:

Zina mistari 9 mitupu, Dada. Jana nimewaandika wote watatu, bibi kwa jina la kwao na jina la mama yake. Nimetumia penseli, maana Mzee Mstaafu amenipigia simu mapema kunionya kwamba nikithubutu kugusa ukurasa ule kwa kalamu ya wino atapanda basi kutoka Lindi aje aninyang'anye kitabu.